KINGA NA MAKAA: HISTORIA YA USTADI WA KUTEREMKA KWA BAISKELI, KUTOKA CALIFORNIA HADI NJIA ZA KATANGA

1. Neno lenyewe

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya ustadi mmoja ambao ni nadra kuhesabiwa kuwa ustadi, nao ni ule wa kuendesha baiskeli katika njia mbaya: njia za mchanga, mawe, mifereji iliyochimbwa na mvua, na miteremko isiyojua lami. Huko Ulaya na Marekani ustadi huo una jina, una vitabu, una makocha, na tangu mwaka 1996 una mashindano yake katika Michezo ya Olimpiki. Huku Katanga unao watendaji wanaouanza kila siku kabla ya alfajiri, lakini kitabu hauna.

Yafaa tuanze na neno. Msomaji wa Dar es Salaam au wa Mombasa asikiapo kinga, hufikiri kitu cha kuzuia madhara. Msomaji wa Lubumbashi hufikiri magurudumu mawili. Kinga ya kwetu ni baiskeli, nayo ni ndugu wa incinga ya Kibemba na njinga ya Kinyanja, maneno yanayofuata njia za shaba na za reli bila kuuliza mpaka uko wapi. Kiswahili cha zamani kina kinga ya tatu, yaani kijinga cha moto, ile ya methali isemayo kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kwa bahati tu ya lugha, maana zote tatu hukutana katika barabara ya Kasenga: kinga iliyopakiwa makaa, na juu yake mtu asiye na kinga yoyote. (Mwenyeji wa Lubumbashi atanikumbusha kwamba makaa kwetu ni makala, kwa hiyo naandika makala juu ya makala. Ili nisimchoshe msomaji wa mbali, nitasema makaa.)

Hoja yetu ni hii. Baiskeli ya milimani haikubuniwa kiwandani. Ilizaliwa pale watu wenye baiskeli kuukuu walipolazimika kutafuta namna ya kuteremka bila kuvunjika. Kazi hiyohiyo imefanywa katika nchi yetu, na kwa shida kubwa zaidi. Kilichotofautiana ni mzigo, na mzigo hubadili karibu kila kanuni. Kijana wa leo asipoifahamu tofauti hiyo atatumia kanuni ya mchukuzi wa makaa mahali isipofaa, kisha atatumia ya Mmarekani mahali isipofaa, na katika hali zote mbili ataanguka.

2. Gurudumu lilifikaje

Ikumbukwe kwamba chombo cha kwanza cha magurudumu mawili yanayofuatana, kile cha Karl von Drais wa Mannheim cha mwaka 1817, kilikuwa cha mbao na hakikuwa na kanyagio. Mpandaji alisukuma ardhi kwa miguu yake. Baiskeli tuijuayo, yenye magurudumu mawili yaliyo karibu sawa na mnyororo unaoendesha gurudumu la nyuma, ilitolewa Coventry na John Kemp Starley mwaka 1885. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alitengeneza tairi la kujazwa upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe.

Hapa mwanahistoria wa Kongo hana budi kusimama. Mwaka uleule wa 1885 ndio uliozaa Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili. Tairi la Dunlop lilihitaji mpira, na mpira ulikuwa katika mitambaa ya misitu yetu. Mwaka 1890 Kongo ilisafirisha takriban tani 100 za mpira. Mwaka 1901 takriban tani 6,000. Kati ya takwimu hizo mbili kuna mateka waliofungwa ili waume wao waende msituni, na mikono iliyokatwa. Katanga haikuwa kitovu cha maafa hayo, kwani mzigo mkubwa uliwaangukia watu wa Equateur na wa eneo la Mai-Ndombe. Hata hivyo, asemaye kwamba baiskeli ni zawadi tuliyoletewa kutoka ng'ambo, aulizwe kwanza ni nani aliyeilipia.

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, mwaka wa kuanzishwa kwa mji, na bidhaa za Kiingereza zilifika nayo. Kama katika miji yote ya shaba, kutoka Ndola hadi Likasi, baiskeli ikawa miongoni mwa mali kubwa za kwanza ambazo mfanyakazi wa mshahara alitamani kununua. Ilikuwa ni fremu ndefu ya chuma, magurudumu ya inchi 28, gia moja, na breki za vyuma vinavyovuta vipande vya mpira dhidi ya ukingo wa gurudumu. Viwanda vya Nottingham vilifuatwa na vya Shanghai na vya Ludhiana, majina Raleigh, Phoenix na Hero yakapishana, lakini umbo halikubadilika. Msomi wa mjini huliona umbo hilo kuwa ushahidi wa ukale. Sivyo. Fremu ndefu hutulia chini ya mzigo, na gia moja ni gia isiyoharibika porini. Jeshi la Vietnam lililowazingira Wafaransa huko Dien Bien Phu mwaka 1954 lilipata chakula na risasi kwa baiskeli za namna hiyo, zilizosukumwa kwa miguu, kijiti kirefu kikiwa kimefungwa kwenye usukani ili msukumaji aongoze akiwa pembeni. Nyingine zilibeba zaidi ya kilo 200. Hapana mchukuzi wa Katanga au wa Kasai atakayeshangazwa na habari hiyo.

Baiskeli ya karani ilibadilika kuwa mkokoteni katika miaka ya 1990. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilitoa takriban tani 50,000 tu mwaka 1993. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka mwaka 1990, na uporaji wa mwaka 1991 ulikuwa umeyamaliza maduka. Mishahara ilipokoma, msitu wa miombo uliozunguka mji ukawa ndio mwajiri. Kule Kasai wasukuma baiskeli waliitwa bayanda. Kule Kisangani baiskeli ya kubeba abiria iliitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya tupite. Sisi tulibaki na kinga.

3. Pine Mountain, 1976

Sasa twende California, si kwa sababu hadithi yetu inahitaji kibali cha huko, bali kwa sababu tatizo lao lilikuwa letu na wao waliliandika.

Kaskazini ya San Francisco, katika wilaya ya Marin, vijana kadhaa wa miaka ya 1970 walikuwa wakinunua kwa bei ya takataka baiskeli za Schwinn zilizotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili na kupanda nazo mlimani. Kampuni ya Schwinn ilikuwa imeanza kuziuza baiskeli za matairi manene mwaka 1933, zikiwa za watoto wagawao magazeti. Zilikuwa nzito, lakini tairi la inchi 26 lenye unene wa zaidi ya inchi 2 lilimeza mawe ambayo tairi jembamba lingeyarudisha kwenye kifua cha mpandaji. Tarehe 21 Oktoba 1976 Charlie Kelly na wenzake walipanga mashindano katika njia ya magari ya zimamoto ya Pine Mountain, karibu na mji mdogo wa Fairfax. Njia hiyo inashuka karibu mita 400 kwa mwendo wa kilomita zipatazo 3.4. Waliiita Repack, maana yake ni kujaza upya, na jina hilo latupasa tulisome kama tusomavyo hati.

Baiskeli hizo zilikuwa na breki moja tu, ile iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ambayo hukamata mpandaji akanyagapo kinyume. Breki ya namna hiyo hulainishwa kwa grisi. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 95, wakashuka mita 400, nishati inayopaswa kwenda mahali fulani hutosha kulichemsha sufuria la maji ya baridi la lita moja. Sehemu huchukuliwa na upepo na ardhi. Iliyobaki huingia katika kitovu kisicho kikubwa kuliko ngumi ya mtoto. Grisi iliungua ikatoka kama moshi. Baada ya kila mteremko ilibidi kitovu kifunguliwe na kujazwa grisi upya, ndipo jina likapatikana. Si kawaida kwa mchezo mzima kupata jina lake la kwanza kutokana na kushindwa kwa breki, lakini ndivyo ilivyokuwa, na jina hilo laeleza kiini cha jambo kuliko tangazo lolote la biashara lililofuata.

Yaliyofuata yalikuwa marekebisho ya mafundi wa uani. Gary Fisher alifunga breki za ngoma mbele na nyuma, mikono ya breki ya pikipiki, na gia za kupandia. Wenzao wa Cupertino walikuwa wamekwisha kufunga gia katika baiskeli za aina hiyo mwaka 1974. Joe Breeze aliunda fremu mpya kwa kazi hiyo mwaka 1977. Mwaka 1979 Fisher na Kelly walianza kuuza baiskeli zenye fremu za Tom Ritchey, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, ambayo ilitengenezwa kwa wingi. Mwaka 1984 Breeze na mwenzake walitoa springi ndogo ya kushusha na kupandisha tandiko bila mtu kushuka, kwa sababu walikuwa wamegundua kwamba tandiko lililo juu humtupa mpandaji mbele katika mteremko. Kwa ufupi, ndani ya miaka kumi hivi, takataka ilikuwa bidhaa.

Usalama ulikuja nyuma ya biashara, kama kawaida. Washindani wa Repack walivaa suruali za jinzi, viatu vya kazi na glavu. Vichwa vingi vilikuwa wazi. Kofia ngumu ya kwanza iliyotengenezwa hasa kwa baiskeli na kuuzwa kwa wingi, Bell Biker, ilikuwa imeingia sokoni mwaka 1975. Hata katika mbio za barabarani, shirikisho la kimataifa lilifanya kofia kuwa sharti mwaka 2003 tu, baada ya kifo cha Andrei Kivilev wa Kazakstani. Nayataja haya kwa wale wanaodhani kwamba mchukuzi wetu asiyevaa kofia ni mtu wa ushamba wa pekee.

4. Chukudu, au jibu la Kivu

Tuache California turudi Kongo, lakini kwanza tupitie Kivu ya Kaskazini, kwa maana huko mteremko ni mkali kuliko wa kwetu na jibu lake ni la ajabu zaidi. Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, usukani na ubao wa kupakia; hakina kanyagio wala mnyororo wala tandiko. Kilienea katika miaka ya 1970. Kwa sura ni jamaa wa chombo cha Drais, ingawa mafundi wa Goma hawakuhitaji kusikia habari za Mannheim. Magurudumu ya mbao huvishwa mpira wa tairi kuukuu. Mchukuzi huweka goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu mwingine, na viazi, kabichi, kuni au makaa hushuka kutoka vilima vya Kibumba na vya Masisi hadi masoko ya mjini.

Breki yake ni kipande cha tairi kilichopigiliwa misumari juu ya gurudumu la nyuma. Mchukuzi hukikanyaga. Chukudu yenye mzigo wa kilo 300 hutoa, kwa kila mita 100 za mteremko, joto linalokaribia lile la mshindani wa Repack katika njia yake yote. Kipande cha tairi huungua, hunuka, hulika. Kisha hubandikwa kingine, kwa bei ndogo, na fundi wa kando ya njia. Yaani pale Mmarekani alipoficha breki ndani ya kitovu na kulazimika kukifungua kila mara, fundi wa Goma aliiweka nje, mahali inapopata upepo, inapoonekana inapolika, na inapobadilishwa kwa nyundo. Kwa maoni yangu hilo ni jibu bora la kihandisi. Mji ulilitambua: chukudu ilisimamishiwa sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu katika mzunguko wa barabara. Vita, na kutekwa kwa Goma na M23 mwezi Januari 2025, vimeongeza hatari nyingine ambazo hakuna breki iwezayo kuzizuia.

Kuna mahali ambapo historia hizi mbili zilikutana uso kwa uso. Tom Ritchey, yule muunda fremu wa California, alifika Rwanda mwaka 2005 na kuona wakulima wakiteremka vilima kwa baiskeli za mbao zilizo ndugu wa chukudu. Mwaka 2006 yalifanyika mashindano yaliyopewa jina la baiskeli za mbao, na kutokana na juhudi hizo timu ya taifa ya Rwanda ilianza kujengwa. Adrien Niyonshuti, aliyekulia katika timu hiyo, alishindana katika mbio za baiskeli za milimani za Olimpiki mjini London mwaka 2012, akamaliza wa 39. Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya mbio za barabarani mwezi Septemba 2025, ya kwanza kufanyika barani Afrika. Wako wanaosema kwamba Mmarekani aliwafundisha Wanyarwanda kuendesha baiskeli. Nadhani yafaa kuseme kwamba aliwakuta wakiendesha, akatambua alichokiona kwa sababu yeye mwenyewe alitoka katika mambo ya namna hiyo.

5. Njia za makaa

Uwanda wa Lubumbashi, ulio takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hauna miteremko ya Masisi. Hatari zetu ni nyingine. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi Mei, njia za msituni hugeuka mchanga mwepesi juu ya udongo mwekundu mgumu, na gurudumu la mbele hufanya litakalo. Masika yakianza, udongo huohuo huteleza kama sabuni, na maji huchimba makorongo marefu katikati ya njia. Tena kuna vichuguu. Vichuguu vikubwa vya Katanga hufikia urefu wa mita 8 na upana wa chini wa karibu mita 15. Njia haivipandi, huvizunguka, na kila kichuguu ni kona isiyoonyesha ajaye upande wa pili.

Kinga ya makaa hutengenezwa upya kabla ya kuingia njia hizo. Uma wa mbele huongezewa vipande vya nondo vilivyochomelewa. Kibebeo cha nyuma huwa ni cha nondo pia, au cha miti. Magunia hufungwa kwa mikanda iliyokatwa katika tyubu kuukuu, ambayo hubana zaidi kadiri mzigo unavyotikisika, tofauti na kamba ya katani ambayo hulegea. Breki ya mbele aghalabu huondolewa. Tandiko hushushwa hadi nyayo zote mbili ziguse ardhi. Matairi hujazwa upepo mpaka yawe magumu kama mti.

Mtaani kwetu Hewa Bora kuna fundi mmoja wa makamo ambaye vijana wote humwita Papa, naye alikuwa mchukuzi wa makaa kabla ya kukaa chini ya mwembe na pampu yake. Nilipomuuliza sababu ya kuondoa breki ya mbele, alinijibu kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi: "Mikulu njo freni." Miguu ndiyo breki. Akaeleza kwamba mchukuzi hufika juu ya mteremko akashuka, akashika usukani kwa mkono mmoja na mzigo kwa mkono wa pili, akaegemea nyuma akaizuia kinga kwa uzito wa mwili wake. Mteremko mfupi huupanda na kuburuta soli ya kiatu. Mteremko mrefu hauendeshwi hata kidogo.

Mwanaisimu atapenda ile njo, na neno freni lililokopwa Kifaransa pale ambapo pwani ina breki. Lakini kanuni yenyewe ndiyo yenye thamani. Fizikia yake ni sahihi. Baiskeli ipunguzapo mwendo, uzito husogea mbele. Ndiyo sababu baiskeli isiyo na mzigo husimamishwa hasa na breki ya mbele. Kinga yenye magunia matatu nyuma ya tandiko ina uzito karibu wote juu ya gurudumu la nyuma, hivyo breki ya mbele hukamata gurudumu lisilo na kitu cha kuligandamiza. Katika mchanga gurudumu hilo huteleza upande, na magunia humfuata mchukuzi hadi chini. Kuiondoa breki ya mbele si uzembe wala umaskini tu. Ni hitimisho lililofikiwa na watu wengi walioanguka.

Aidha, wachukuzi hawaendi peke yao. Huenda kwa safu, wakiachana nafasi kila wafikapo mteremko, na wa mbele hupiga kelele kwa wa nyuma anapoona korongo au lori. Katika barabara ya Likasi na ya Kasumbalesa, ambako malori ya shaba na kobalti hayapunguzi mwendo kwa ajili ya baiskeli, ustadi wa msituni haumfai mtu sana; hapo mchukuzi hutoka katika lami mapema na kungoja vumbi litulie.

6. Vijana na VTT

Katika miaka ya karibuni vijana wa Hewa Bora na wa mitaa ya jirani, baadhi yao wanafunzi wetu, wamenunua baiskeli wanazoziita VTT, kwa herufi za Kifaransa: gia nyingi, matairi manene, springi mbele na wakati mwingine nyuma. Jumapili asubuhi huelekea njia zilezile za makaa. Hukaa kwa Papa kwanza, naye huwafundisha alivyofundishwa yeye. Hapo ndipo mabishano huanza, na ndipo historia tuliyoieleza inapopata kazi.

Kijana aliye na VTT hana magunia. Uzito wake ni mwili wake, na mwili huo waweza kusogezwa. Kwa hiyo kanuni ya breki inapinduka: akiondoa breki ya mbele anajinyima sehemu kubwa zaidi ya uwezo wa kusimama, na gurudumu la nyuma peke yake litafungika na kuteleza. Impasayo ni kutumia zote mbili, kidole kimoja au viwili juu ya kila mkono wa breki, kwa kubana polepole, na kupunguza mwendo kabla ya kona wala si ndani yake. Katika mchanga aipunguze ile ya mbele. Hapo Papa ana haki hata kwa asiye na mzigo. Katika mteremko asimame juu ya kanyagio zikiwa sawa kwa sawa na ardhi, magoti na viwiko vimekunjwa, makalio yamerudi nyuma ya tandiko, macho yakitazama mbali kule anakotaka kwenda. Anayelikazia macho korongo huingia korongoni. Jambo hili hata wachukuzi hulisema.

Upepo wa matairi vivyo hivyo. Mchukuzi hujaza sana kwa sababu, bila hivyo, magunia yangeuponda ukingo wa gurudumu dhidi ya jiwe. Kijana akijaza hivyo, tairi lake nene hudunda juu ya kila mzizi na halishiki chochote. Faida yote iliyowafanya watu wa Marin wachague matairi ya wagawa magazeti hupotea. Apunguze mpaka kidole gumba kizame kidogo, lakini si mpaka ukingo uguse chini anapoketi kwa nguvu.

Juu ya tandiko, Papa na Joe Breeze wanakubaliana bila ya kujuana: kabla ya kuteremka, lishushwe. Kwenye tambarare na mlima kijana alipandishe tena, goti likaribie kunyooka, la sivyo magoti yatamuuma kabla ya umri.

Ama kuhusu springi, nitasema wazi kwamba zile za bei ndogo ni pambo. Huongeza kilo kadhaa, humeza nguvu ya miguu katika mlima, na vipuri vyake havipatikani chini ya mwembe wowote. Uma mgumu wa chuma ulio mnyofu ni salama zaidi kuliko springi iliyochakaa inayocheza upande kwa upande. Fedha iliyobaki inunue kofia ngumu, glavu na vipande vipya vya breki. Hapa vijana hunijibu kwamba mchukuzi wa makaa havai kofia. Ni kweli. Lakini mchukuzi wa makaa huushuka mteremko mrefu kwa miguu, jambo ambalo wao hawalifanyi.

Vichuguu bado ni tatizo kubwa, kwani VTT ni ya kasi na haina kelele, na anayetokea upande wa pili aweza kuwa ni mama mwenye beseni kichwani, au kinga ya makaa ambayo haiwezi kukwepa wala kusimama. Kengele ya shaba ya mtindo wa zamani hufaa kuliko kitu kingine chochote, nayo huuzwa sokoni kwa bei ya mikate michache. Mwenye mzigo apewe njia sikuzote, apandaye au ashukaye.

Tangu kiangazi kilichopita baadhi ya vijana hawa wameanza kuziteremka njia wasizozijua kwa miguu kwanza, wakisukuma, kama wafanyavyo wachukuzi, na kuzihesabu kona na makorongo kabla ya kuthubutu kupanda. Mahali pabaya huwekewa majina ili wanaofuata waonywe kwa neno moja lipigwalo kelele. Nimekwisha kuandika kumi na manne katika daftari langu. Kichuguu kimoja, ambacho nyuma yake njia huanguka ghafula kwenye mchanga, wamekiita Achia ya Mbele.